MRI ya kawaida au MRI ya utendaji?
Dada yangu wa Ngamiani, Tanga, ana multiple sclerosis, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo. Juzi nilimkuta jikoni kashika kopo la iliki, kasahau anapika nini.

MRI ni kipimo kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Ya kawaida huonyesha madoa ya ubongo pale kinga ya mwili ilipoharibu mayelini, utando unaofunika nyuzi za neva. Daktari huitegemea kutambua ugonjwa na kufuatilia dawa. Lakini wingi wa madoa haulingani kila mara na usahaulifu.

MRI ya utendaji, ya tangu miaka ya 1990, hufuata oksijeni ya damu wakati mgonjwa anakariri namba. Imeonyesha baadhi ya wagonjwa wakitumia maeneo ya ziada ya ubongo kwa kazi ileile. Hii zaidi ni ya watafiti.

Fedha ikitosha kipimo kimoja, achukue cha kwanza. Ila cha pili ndicho kilichonifanya niache kumwambia, "Dada, zingatia!"