Mpima wa kuhakiki kiwanja kabla hujalipa: huduma niliyoipata Mbagala

Nawapa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja iliyopungua nitaieleza.

Ni ofisi ya wapima ardhi binafsi wenye leseni, iko Mbagala Rangi Tatu. Niliwapa kazi moja tu: kuhakiki kiwanja nilichotaka kununua Kigamboni kabla sijatoa hata shilingi ya kianzio. Mimi nashona sare za shule. Pesa yangu imetoka kwenye cherehani na kwenye mgao wa kikoba, na nia yangu ni kununua kiwanja, kisha kupandisha vyumba vya kupangisha taratibu. Kwa hiyo nawaandikia hasa mnaoanza, wenye milioni chache ambazo zikipotea, ndiyo basi.

Kampuni iliyokuwa inauza, sitaitaja jina, ilitupakia kwenye Coaster mpaka Kisarawe II. Mita za mraba 600 kwa shilingi milioni 9, unalipa kwa miezi 12 bila riba. Kijana wao akanionyesha bikoni nne, vile vijiti vya zege vya kuonyesha pembe za kiwanja, akanipa nakala ya mchoro wa mipango miji wenye muhuri. Wenzangu kadhaa walilipia palepale kwa simu. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, kila mtu anaamini Kigamboni ukichelewa wiki moja umeachwa, na wauzaji wanalijua hilo.

Mpima alipouona ule mchoro aliniuliza, "Mama, ramani ya upimaji iko wapi?" Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Mchoro wa mipango miji unasema eneo limepangiwa matumizi gani: makazi, biashara, shule, barabara, eneo la wazi. Ramani ya upimaji ndiyo yenye vipimo na kodineti za kila bikoni, yaani namba zinazoonyesha mahali hasa ilipo, na inaidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Kiwanja kinaweza kuonekana vizuri kabisa kwenye mchoro na ardhini kisiwe kimepimwa. Akaitafuta ramani mwenyewe kwa namba ya kitalu (kundi la viwanja) na ya kiwanja, kisha tukaenda kwenye eneo lenyewe na mashine yake ya GPS.

Bikoni mbili zilikuwa za kiwanja kingine. Mbili zilizobaki zilikuwa za eneo la wazi. Kiwanja chenye namba iliyoandikwa kwenye mkataba kipo kweli, ila kiko mbele zaidi, kinateremkia bondeni, na kipande chake kinaingia ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kujengwa. Yaani ningelipa miezi 12, nikajenga mahali ambapo manispaa ingekuja kunibomolea, huku karatasi zikisema kwangu ni huko chini kwenye maji. Kampuni ilisema kijana wao alikosea na ikataka kunipa kiwanja kingine. Niliwashukuru nikaondoka. Nawafikiria wale waliolipia palepale kwa simu.

Kwa kazi hiyo nililipa laki tatu. Najua kuna watakaosema ni hela nyingi kwa kuangalia vijiti vya zege. Ukiiweka kwenye milioni 9 ni kama asilimia 3, na kwa mtu asiye na milioni 9 nyingine, sioni matumizi bora kuliko hayo. Ningewaomba wanaoanza waanzie hapa, kabla ya kianzio.

Kitu kimoja mkielewe vizuri: mpima anakuambia kiwanja kiko wapi, hakuambii ni cha nani. Baadaye nilipata kiwanja cha mtu binafsi chenye hati, jirani na hapohapo. Ofisi hiyohiyo ikakihakiki, bikoni zote zikawa mahali pake. Bado niliomba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, kwa sababu huko ndiko unakojua jina lililosajiliwa na kama kuna rehani ya benki au zuio. Hati ilikuwa ya miaka 33, nikaangalia imebakiza miaka mingapi na kama kodi ya pango la ardhi imelipwa. Mke wa muuzaji naye akasaini ridhaa mbele ya wakili. Kaka akikwambia "mke wangu hana neno", mwombe amlete shemeji aseme mwenyewe.

Sasa ile nyota. Ripoti yao imeandikwa Kiingereza kitupu na jedwali la namba. Mpima alinieleza kwa mdomo, na alieleza vizuri, lakini mimi nilitaka karatasi ambayo hata mama yangu angeisoma. Wateja wao wengi ni sisi, kwa nini wasiandike Kiswahili? Pia nauli ya kwenda kwenye kiwanja na ya kuvuka darajani haikuwemo kwenye bei ya mwanzo, nilidaiwa baadaye. Na miadi walichelewa, nikangoja juani sana.

Mkienda, ombeni bei yote iandikwe, usafiri ukiwemo. Bebeni namba ya kitalu na ya kiwanja, nakala ya mchoro, na kama kuna hati, nakala yake. Na muwepo wenyewe bikoni zinapotafutwa. Mpige picha kila moja na namba yake.