Kitana cha chuma kwa mbwa mweusi wa manyoya marefu: uzoefu wangu

Ni kitana cha kawaida: chuma kisichoshika kutu, sentimita 19, nusu meno mapana, nusu meno ya karibu karibu, hakina mpini. Nakitumia kwa German Shepherd mweusi wa manyoya marefu, mwenye sufu nzito chini ya manyoya ya juu.

Brashi ya waya zilizopinda ninayo pia, ila peke yake inadanganya. Mbwa anang'aa juu, kumbe chini sufu imeshikana. Kitana kikikwama, ujue kuna fundo.

Nachana kwa mistari. Mkono mmoja unainua manyoya mpaka ngozi ionekane, mwingine unashusha na kuchana ukanda wa kama sentimita 2 kila mara, kuanzia chini ya paja kupanda. Brashi kwanza, kisha meno mapana, mwisho yale ya karibu. Manyoya makavu hukatika, kwa hiyo napulizia maji yenye kondishena ya mbwa, kijiko cha chai kwa nusu lita. Mafundo hupenda nyuma ya masikio, makwapani, chini ya kola na nyuma ya mapaja. Fundo likiwa kubwa kama harage, libane shinani karibu na ngozi ili mbwa asiumie, kisha lipasue kuanzia nchani kwa jino la pembeni. Mkasi hapana: ngozi ya kwapa huvutwa ndani ya fundo na huioni.

Haya yote kabla ya kuogesha. Fundo likilowa halafu likauke, linakaza. Na suuza kweli kweli. Kwenye mweusi, shampuu iliyobaki hukauka ikaonekana kama mba.

Meno ya karibu yananisaidia kwa kupe, maana kwenye weusi jicho halimwoni. Ukihisi kitana kimegonga kijidude, simama, umtoe kwa kibano. Ukimkwangua, mdomo wake unaweza kubaki ndani ya ngozi.

Chombo cha wembe cha kupunguza sufu nimekiacha: kilikata manyoya ya juu pia, mgongo ukafifia. Rangi ya kahawia inayoletwa na jua, hiyo kitana hakiiondoi. Dawa yake ni kumweka mbwa kivulini tu, na kusubiri manyoya mapya.

Kasoro: kifundo cha mkono kinachoka, na kitana kikianguka kwenye sakafu ya saruji jino hupinda. Pitisha kidole gumba kwenye ncha kabla ya kuanza, kwani jino lililopinda huchubua ngozi. Nyota nne.