Vidonge vya manjano ya nano kutoka duka la dawa Malindi: nyota 1 kati ya 5

Chupa ya vidonge 30 ni Sh1,850. Lebo inasema kwa herufi kubwa: manjano ya nano, kinga ya saratani. Nilimnunulia shangazi yangu, ambaye tangu azike dadake kwa saratani ya titi hununua kila anachoambiwa kinakinga.

Sayansi yenyewe naiheshimu sana. Manjano yana kurkumini, ambayo huko maabara imeonekana kuzuia seli za saratani zisikue. Tatizo haiyeyuki majini, na kile kidogo kinachopenya utumbo ini hukibadilisha upesi kikatoka. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba gramu 2 za kurkumini zikimezwa na miligramu 20 za piperini, ile inayoipa pilipili manga ukali wake, kiasi kinachofika kwenye damu hupanda kama mara 20. Nano ni njia nyingine: kurkumini hufungwa ndani ya vijifuko vya mafuta au polima (molekuli ndefu kama mnyororo) vya makumi au mamia ya nanomita, ilhali unywele mmoja una upana wa nanomita 80,000 hivi. Na dawa ya mmea kubebwa hivyo si ndoto. Paklitakseli, dawa ya saratani iliyogunduliwa kwenye gome la mti wa Marekani, iliidhinishwa huko mwaka 2005 ikiwa kwenye chembe za nano za albumini (protini ya damu), kwa saratani ya titi. Ila hiyo ni tiba ya mshipani, iliyopimwa kwa wagonjwa. Kwa kurkumini ya nano, hakuna aliyethibitisha kwamba humkinga mtu na saratani.

Sasa chupa hii. Imeandikwa "miligramu 500 za manjano", basi. Manjano huwa na kurkumini asilimia 2 hadi 5 hivi, kwa hiyo kidonge kina miligramu 10 hadi 25. Ukubwa wa chembe haukutajwa popote. Nilifungua kidonge kwenye glasi ya maji, na pembeni nikatia manjano ya sokoni kwenye glasi nyingine. Chembe za nano hasa zingetawanyika na kubaki majini. Kufika asubuhi glasi zote mbili zilikuwa na mashapo mazito chini, juu maji ya rangi ya chai hafifu.

Nilimrudia muuzaji. "Mamangu, hii inaingia moja kwa moja kwenye damu," akaniambia. Nilipouliza chembe zina nanomita ngapi, akanigeuzia chupa nisome mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni onyo lisiloandikwa. Shangazi anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na kurkumini nyingi yaweza kumzidishia hatari ya kuvuja damu. Isitoshe, mwaka 2019 Italia iliripoti watu walioumia ini baada ya kutumia virutubisho vya manjano. Mwenye dawa ya damu au tatizo la ini amuulize daktari kwanza, hata kama chupa imeandikwa "asilia".

Watengenezaji wakiandika kiasi cha kurkumini, ukubwa wa chembe na onyo la warfarini, na wakifuta hayo maneno ya kinga ya saratani, nitanunua nyingine niipime upya.