Ubao wa plaiwudi kwa darasa la mwalimu mstaafu: wa mafundi wa Dodoma unafaa

Mwalimu mstaafu anayefundisha watoto wa mtaa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) jioni, na Jumapili akashika darasa la watoto kanisani, anastahili ubao mzuri unaobebeka. Wa mafundi seremala wa Dodoma tunaupendekeza, ila agiza upakwe rangi wewe mwenyewe ukiwepo.

Shida kubwa ni rangi. Wengi hupaka rangi ya mafuta inayong'aa: chaki inateleza, na mtoto aliyekaa karibu na dirisha haoni kitu. Dai rangi ya ubao isiyong'aa, ipakwe mara mbili, na msasa laini katikati. Ukishakauka kabisa, lalaza chaki, sugua ubao mzima, kisha ufute. Ukiruka hatua hiyo, maandishi ya kwanza hayafutiki vizuri.

Plaiwudi ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande viwili vya futi 4 kwa 4. Chukua milimita 12. Ya milimita 6 hupinda juani. Kingo nazo zipakwe, maana mvua za Desemba hadi Aprili zikiingia, matabaka huachana.

Uzito wa kipande kimoja ni kama kilo 10. Bibi au babu asiubebe peke yake, wajukuu wapo.