TAHADHARI: Spika za gari Kariakoo, unasikilizishwa hizi unafungiwa zile

Ndugu zangu, naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Kama una mpango wa kwenda Kariakoo kununua spika za gari, na hasa kama ndiyo mara yako ya kwanza kubadilisha zile zilizokuja na gari, soma hii kabla hujatoa hata shilingi.

Gari yangu ni Toyota IST, na ile spika yake ya mbele ya kulia inakwaruza. Mliokuwemo safari ya Tanga mlikoma nayo. Nikasema basi, nabadilisha za mbele zote mbili na nafunga kwa mkono wangu, kuvua kava la mlango nilishaweza. Spika zangu nikazitoa, nikazifunga kwenye kanga, nikaenda nazo ili nipewe saizi hiyo hiyo. Fundi yeyote atakwambia beba sampuli, nami nilibeba.

Winga, yaani dalali wa kuvuta wateja madukani, alinipokea pale kona akanipeleka moja kwa moja. Duka lenyewe safi, vioo, AC inapuliza, ukutani spika zimepangwa kuanzia chini hadi darini na kila pea ina kitufe chake. Muuzaji kijana mtanashati, ana adabu, akanivutia na kiti. "Dada yangu, gari gani?" Nikamwambia. Hakufungua simu wala kitabu, akajibu pale pale: "IST ya mwanzo hiyo, mlango wa mbele unachukua sentimita kumi na sita, yaani inchi sita na nusu. Redio bado ile ya Japani? Umeshafunga ekspanda?"

Mnaoendesha gari za Japani mnaelewa. Redio zile FM inaanzia 76 inaishia 90, za kwetu zinakwenda mpaka 108, ndiyo maana tunafungiwa kile kidude, ekspanda, kinachozishusha stesheni za juu ziingie kwenye redio hiyo. Akanieleza vizuri kabisa. Akaniambia nisije nikakata soketi ya Toyota, nitafute waya wa kuunganishia wenye soketi inayoingia pale, ili siku nikitaka kurudisha za kiwandani nizirudishe bila kuungaunga. Akaniambia ile nailoni iliyogandishwa nyuma ya kava nisiichane, kwa sababu maji ya mvua yanayopenya kwenye kioo hushukia ndani ya mlango na nailoni ndiyo inayoyazuia yasiingie upande wa abiria. Akageuza spika zangu akanionyesha zilivyoundwa pamoja na fremu yake ya plastiki, akasema spika za dukani hazina fremu hiyo, lazima ziwekewe ringi ndipo zikae kwenye matundu ya mlango.

Yote aliyosema ni kweli. Nimemuuliza fundi baadaye, hakuna hata moja alilokosea. Sasa niambieni, mtu anayekufundisha namna ya kutoliharibu gari lako, utamdhania mwizi? Mimi nilimwamini kwa sababu alikuwa anajua kazi. Ningemkuta mbabaishaji ningetoka.

Akabonyeza kitufe. Jamani, ule muziki! Besi imetulia, sauti ya mwimbaji iko mbele safi kama amesimama pale kaunta. Akaniambia, "Weka mkono hapa uone." Nikaweka kiganja kwenye ubao karibu na ile pea, ubao unatetemeka. Akapandisha sauti, haikupasuka. Akashusha, besi bado ipo. Akanibadilishia na pea nyingine ya bei ya chini, hiyo ikalia kavu, haina besi kabisa. "Umesikia tofauti, dada? Chaguo ni lako, mimi sikulazimishi." Hayo maneno ya sikulazimishi bado yananichoma mpaka sasa.

Bei tukaelewana laki moja na themanini. Akaniambia zangu za zamani zimechoka, nimwachie anikatie elfu ishirini. Nikakubali, kwani hata fremu sikuwa nazihitaji tena, alishasema ringi zimo kwenye boksi. Halafu akanyanyua ile pea niliyoisikiliza, akaiangalia, akairudisha. "Hizi zimeshikwashikwa na wateja, ngoja nikutolee mpya stoo." Na wewe ungekataa mpya? Akaletewa boksi limefungwa nailoni yake, limebandikwa stika inayong'aa, limeandikwa wati 600 na jina kubwa la Kijapani ambalo sitalitaja, maana kampuni yenyewe haina kosa, imeibiwa jina kama nilivyoibiwa mimi hela. Nikasema nifungue nione. Akatabasamu. "Fungua, ila mama, nailoni ikichanwa mzigo haurudi. Ndiyo masharti ya duka." Na kweli masharti yamebandikwa ukutani. Nikalipa kwa simu, nikaondoka.

Nyumbani shemeji yupo, watoto wamejipanga barazani wanasubiri muziki, na jirani yule mnayemjua kaja na kiti chake. Nafungua boksi mbele ya watu wote hao. Ringi hakuna. Skrubu mbili, za saizi tofauti. Spika yenyewe naishika, nyepesi, haifiki hata uzito wa zile nilizomwachia. Shemeji akaipokea, akaivuta ile raba nyeusi inayofunika sumaku nyuma. Raba ikatoka nzima, kubwa, imejaa hewa, na ndani yake sumaku ndogo ya ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai. Kile kitwita cha katikati, kispika kidogo cha sauti nyembamba, akakigusa kwa ukucha, kikabanduka. Kilikuwa kimegundishwa tu juu ya ki-nguzo, hakina waya nyuma, hakina chochote, plastiki imepakwa rangi ya fedha. Watoto wakauliza, "Mama, imeharibika?" Nikashindwa kujibu. Jirani akanyanyua kiti chake akaondoka bila kuaga, na kesho yake mtaa mzima ulikuwa unajua.

Tukaziunganisha hivyo hivyo tuzisikie. Sauti imebana, mwimbaji anatokea puani, besi hakuna, ukipandisha kidogo inakwaruza. Fundi akazipima kwa mita. Spika ya omu nne (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ikiwa nzima mita husoma tatu na kitu. Moja ilisoma hivyo, ya pili ikasoma karibu saba. Pea moja, boksi moja, spika mbili zisizofanana! Na hizo wati 600 msizishangae kabisa. Redio iliyokuja na gari inatoa kwenye kila spika wati kumi na kitu hivi za kweli, hata kama usoni imeandikwa 50 mara nne. Anayekuuzia wati 600 za kufunga kwenye redio hiyo anakuuzia karatasi ya boksi.

Nikarudi dukani. Adabu yote imeyeyuka, hakuna dada wala mama. "Nailoni umechana, sasa unataka nini?" Nikamwambia nirudishie basi spika zangu, chukua elfu ishirini yako. Akasema zimeshauzwa. Zimechoka halafu zimeshauzwa! Wakati tunabishana akaingia mteja mwingine, kijana wa watu, winga yule yule kamleta, na kitufe kile kile kikabonyezwa. Mimi nikainama. Chini ya kaunta, nyuma ya pazia, kuna sabufa kubwa, spika ya besi, na ampli yake ya kukuza sauti, taa ya bluu inawaka. Kitufe cha pea ya bei ya juu kinawasha na sabufa, kitufe cha pea ya bei ya chini kinaizima. Besi niliyoishika kwa kiganja haikutoka kwenye spika hata moja pale ukutani. Nikapaza sauti kumwambia yule kijana, na wale vijana wa duka wakanitoa nje wakinisukuma begani, mimi mtu mzima, watu wanaangalia.

Mtu huyu hastahili onyo, anastahili kufungwa. Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia. Waje, wamwage stoo yote barabarani, wateketeze kila boksi, na yeye asimame aangalie. Leseni ichukuliwe. Mwenye chumba cha duka aliyempangisha naye aulizwe. Na TRA, watu wa kodi, wapite, kwa sababu nilichopewa ni kikaratasi cha mkono, risiti ya EFD aliniambia mashine haina mtandao, na jina lililotokea kwenye lipa namba si la duka, ni la mtu binafsi nisiyemjua. Malalamiko yangu nayapeleka Tume kwa maandishi, na boksi, na hizo spika. Atakayeniambia nisamehe kwa sababu kijana anatafuta riziki, asinitumie ujumbe. Riziki gani hiyo? Mimi hela yangu sikuiokota.

Mtaniuliza mtamtambuaje. Mwambieni azime sabufa, au mbebe spika moja mkononi iunganishwe peke yake na redio ya kawaida, bila ampli. Akikataa, tokeni. Boksi lifunguliwe pale pale dukani kabla hela haijatoka, na kama masharti ya nailoni hayamruhusu, masharti abaki nayo. Ivueni ile raba ya nyuma. Kitwita kiwe na nyuzi mbili zinazoonekana. Mita ipite kwenye zote mbili. Winga akikwambia hili ndilo duka pekee lenye orijino, ujue ana chake pale. Mengine nitaongeza nikitulia, kichwa kinaniuma.

Na msiache spika zenu za kiwandani kwa mtu, hata kama zinakwaruza. Ile fremu ndiyo inayokaa kwenye matundu ya mlango na ndiyo yenye soketi yake. Sasa hivi milango yangu yote miwili ina tundu wazi, fundi ananidai hela ya ringi za mbao, na masika ndiyo haya.

Jina la duka siliandiki hapa, anayekwenda kununua wiki hii anitumie ujumbe nimwelekeze asipoingie. Waliolizwa pale pale nao wajitokeze, tukienda Tume wengi hawatatupuuza. Spika zangu nyuma ya sumaku niliandika kwa maka peni nyeusi, K kwenye ya kulia na S kwenye ya kushoto. Anayeziona Gerezani au Shauri Moyo anipigie hapo hapo, nazinunua.