Photokina 2018 mjini Köln: dakika kumi mezani na kamera mpya

Tuanze na hukumu. Kama ulikwenda Photokina, maonyesho ya biashara ya kamera mjini Köln, Ujerumani, ili kununua kamera, ulipotea njia. Aliyezoea Sabasaba, ambako mtu anatoka na blenda mkononi na jiko kichwani, lazima ashangae kuona mabanda yamejaa kamera za mamilioni na hakuna anayekuuzia. Pale watu walikwenda kushika, kuuliza na kufunga mikataba. Kwa kushika naipa nane kwa kumi. Kwa mwenye duka aliyetaka kikao cha utulivu na msambazaji, naipa nne.

Photokina ilianza mwaka 1950, na kwa miongo mingi ilifanyika kila baada ya miaka miwili. Ya 2016 ilikuwa ya siku sita. Ya 2018 ikabanwa kuwa nne, 26 hadi 29 Septemba, Jumatano hadi Jumamosi. Ndani ya siku hizo chache waandaaji wakaita watu ambao zamani hawakuhesabiwa: wapiga video, warusha droni, watu wa simu, na vijana waliorudia filamu. Kisa chake kinaeleweka ukitazama hesabu za CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani. Mwaka 2010 zilisafirishwa kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2018 hazikufika milioni 20. Wenye maduka peke yao wasingejaza tena kumbi zile.

Umati ukiongezeka, meza ya kujaribia ndiyo inayogombewa. Unapanga foleni, zamu yako inafika, kamera imefungwa kwa waya wa kuzuia wezi, na nyuma yako kuna watu wanaohema. Una dakika kumi hivi, na wengi huzimaliza kwa kubofya shata hovyo na kusema "nzuri".

Kitu cha kwanza ni kufuta alichoacha mwenzako. Kamera ya mezani imepita mikono mia. Utakuta mwangaza umeshushwa hatua mbili, picha za JPEG ndogo, shata ya kielektroniki (isiyo na pazia linalosogea) imewashwa na rangi zimegeuzwa nyeusi na nyeupe. Ukipiga hivyo utailaumu bure sensa, kile kipande kinachonasa picha. Ingia kwenye menyu urudishe mipangilio ya kiwandani, au mwombe mhudumu afanye hivyo. Anaijua njia kuliko wewe.

Pili ni taa. Umeme wa Ujerumani ni hezi 50 kama wetu, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukitumia shata ya kielektroniki, picha inatoka na mistari ya giza na mwanga kama mkeka. Weka shata ya kimakanika, spidi 1/100 au 1/50, mistari itapungua sana. Niliona watu wakiirudisha kamera mezani kwa kosa hilo tu.

Tatu ni uso. Mabanda makubwa huweka mwanamitindo jukwaani, kamwagiwa taa laini pande zote. Hapo kamera yoyote itadaka uso, usidanganyike. Mgeuzie kamera mwenzako mwenye ngozi nyeusi, asimame kando ya banda na taa kali zikiwa nyuma yake. Hayo ndiyo mazingira ya ukumbi wa harusi Mwanza au Mombasa. Angalia kisanduku cha fokasi kinang'ang'ania uso au kinakimbilia taa. Jaribio hili peke yake lilistahili nauli.

Lenzi nayo ina mtihani wake. Tafuta bango bapa lenye maandishi, simama sambamba nalo, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, piga, kisha kuza pembe zote nne. Pembe moja ikiwa na ukungu kuliko nyingine, usihukumu bado, huenda wewe ndiye uliyesimama upande. Geuza kamera chini juu, waya ukiruhusu, upige tena. Ukungu ukibaki kwenye pembe ileile ya fremu, vioo vya lenzi havikukaa sawa. Ukihamia pembe nyingine, kosa lilikuwa la msimamo wako. Lakini lenzi ya mezani imeshaangushwa na kugongwa. Hiyo sio utakayouziwa dukani.

Kuhusu kadi, uliza kabla ya kuchomeka yako. Kamera ambayo haijakamilika hawakuruhusu kuondoka na picha. Mwaka ule kamera ya Nikon Z7 ilitumia kadi za XQD na Canon EOS R ilitumia za SD, kwa hiyo aliyekuja na aina moja tu alikwama. Piga RAW (picha ghafi isiyochakatwa) pamoja na JPEG, maana programu za kuhariri huchukua wiki kadhaa kabla ya kuzisoma RAW za kamera mpya.

Sasa kamera zenyewe. Z7 ina megapikseli 45.7 na uzito wa gramu 675 ikiwa na betri na kadi. EOS R ina 30.3 na gramu 660. Zote mbili zinakaa vizuri mkononi, ila waya wa mezani unavuta, kwa hiyo uzito usiupime pale. Tatizo kubwa kwa mpiga harusi ni kwamba zote zina nafasi ya kadi moja tu. Kadi ikifa katikati ya sherehe, bibi harusi harudii kuingia ukumbini. Ndiyo maana Panasonic S1 na S1R zilinivutia zaidi, kwa kuwa zilitangazwa na nafasi mbili, japo pale zilikuwa nyuma ya kioo tu. Zilitokana na ushirikiano wa Leica, Panasonic na Sigma, uliotangazwa siku moja kabla ya milango kufunguliwa: kampuni tatu, mdomo mmoja wa kufungia lenzi.

Mwenye lenzi za zamani asikilize hapa. Adapta ya Nikon ya kufungia lenzi za zamani kwenye Z7, FTZ, haina mota ya fokasi. Lenzi za AF-S, zenye mota yao ndani, zinafokasi bila shida, lakini AF-D, zisizo na mota, kama ile 50mm f/1.8D iliyojaa mitaani kwetu, inabaki ya kuzungushwa kwa mkono. Canon hawana kikwazo hicho, kwa sababu lenzi za EF zina mota ndani yake. Lakini EOS R nayo ukiiweka kwenye video ya 4K inakata picha takriban mara 1.75, hivyo lenzi ya 24mm inaona kama ya 42mm. Kwenye ukumbi mdogo utagota ukutani unarudi nyuma.

Fujifilm GFX 50R ilikuwa kamera iliyonishangaza: sensa kubwa kuliko fremu kamili (ile yenye ukubwa wa filamu ya 35mm), megapikseli 51.4, na bado gramu 775. Ni ya studio na picha za watu waliotulia; kwa ngoma au mpira, iache. Na kwa vijana wa filamu, Kodak Ektachrome E100 ilirudi wiki ileile, baada ya kusitishwa 2012. Ni filamu ya slaidi isiyosamehe. Ukikosea mwanga kwa nusu hatua tu, picha inakuonyesha.

Kufika kwenye kumbi za maonyesho za Köln ni rahisi. Stesheni ya Köln Messe/Deutz iko mlangoni kabisa, na kutoka kanisa kuu unavuka daraja la Hohenzollern kwa miguu. Hoteli za Köln hupanda bei wakati wa maonyesho, kwa hiyo lala Bonn au Düsseldorf uje kwa treni, kama nusu saa hivi. Beba adapta ya plagi, maana soketi zao ni za pini mbili za mviringo. Ukinunua kitu mjini, omba fomu ya kurudishiwa kodi (asilimia 19 imo ndani ya bei), na igongwe muhuri wa forodha kabla hujakabidhi begi.

Photokina yenyewe haipo tena. Walitaka iwe ya kila mwaka, ya 2019 ikaahirishwa, ya Mei 2020 ikafutwa kwa korona, na Novemba 2020 ikasimamishwa kwa muda usiojulikana. Anayetaka kushika vifaa leo aende CP+ ya Yokohama, kila mwishoni mwa Februari, ambako ukijiandikisha mapema mtandaoni unaingia bure. Au aende The Photography & Video Show ya Uingereza mwezi Machi, kawaida Birmingham, ingawa 2025 ilikuwa London. Pale kweli unauziwa, kwa hiyo mtihani wa pembe nne ufanye kwa lenzi iliyo ndani ya boksi lako, papo hapo, kabla hujaondoka bandani. Na adapta ya plagi iache nyumbani: soketi zao ni za pini tatu kama zetu.