Miwani ya karatasi ya kutazamia kupatwa kwa jua: ilivyotufaa siku ya mawingu

Nilinunua miwani tatu, shilingi 5,000 kila moja, kwa ajili ya Septemba 1, 2016. Wenzetu wa Rujewa, kule Mbarali, waliiona pete, yaani ukingo wa jua ukiuzunguka mwezi. Sisi Dar jua lilimegwa tu, ingawa lilimegwa sana, kwa hiyo hapakuwa na hata sekunde moja ya kulitazama kwa macho makavu.

Nilizikagua usiku wa kuamkia siku hiyo. Ukiivaa ndani ya nyumba hutakiwi kuona kitu, hata taa ya dari. Moja ilikuwa na kitundu cha ncha ya sindano. Nikairudisha, muuzaji akanibadilishia. Angalia pia maandishi ya ISO 12312-2, kiwango cha kimataifa cha miwani ya kutazamia jua, ila usiyategemee peke yake, maana yeyote anaweza kuyachapisha.

Tulikaa uani, Magomeni, chini ya mwarobaini. Jirani alikuja na picha ya eksirei, nikamsihi aiweke kando tupokezane miwani. Mawingu yalikuwa yanapitapita, na wingu zito likikaa, ndani ya miwani ni giza totoro. Hapo ndipo penye mtihani.

"Mjomba, jua lenyewe limepoa, si nivue kidogo tu?" mtoto wa dada yangu aliniuliza.

Nilimkatalia kabisa. Wingu jepesi hulififisha jua ukadhani ni mwezi, kumbe miale ya kuunguza jicho inapita, na retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haisikii maumivu. Tena wingu huachia ghafla. Tukakubaliana: unavaa ukiwa umeinama, ndipo unainua uso, kuvua vilevile. Wingu likiziba, macho chini, tunasubiri.

Kuelekea saa sita wingu liliachia kama dakika moja. Mundu mwembamba wa rangi ya chungwa, ncha zake kali! Dada alisema "Subhanallah" akanyamaza. Nilipoinama kuvua, nikaona mchangani kila tobo la mwanga kati ya majani limekuwa kimundu. Wingu liliporudi, vyote vikafutika kwa pamoja.

Kasoro yake ni mikono: karatasi hulegea kwa jasho, na kwa mtoto inateleza. Tulifunga lastiki kwa nyuma.

Nimezihifadhi ndani ya daftari la jalada gumu. Agosti 2, 2027 jua litapatwa lote kule Luxor, Misri, nasi huku litamegwa tena. Kama hazijakwaruzika, nitazivaa hizohizo.